Baiskeli ya Mzee

Nekesa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, tumbo limejaa, na umeacha soksi chafu juu ya debe la unga. Nimeziona, nimezifua, ziko kwa kamba. Kama hazitakauka utazivaa hivyo hivyo na maji yake, labda utajifunza.

Maharagwe yako motoni na nataka kumaliza kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utachungulia na mimi nitaacha. Sitakuandikia habari ya dawa ya malaria wala ya kulala mapema. Hayo nimeyasema mpaka mbuzi wetu anayajua. Nataka kukuandikia kitu ambacho kimenitia kinyaa miaka mingi, na leo mchana kimenitia kinyaa zaidi. Ukiona maneno yangu ni makali, ujue ukali huo si wako.

Mwezi uliopita uliporudi kutoka kule ziwani kwa majaribio ya kazi, ulikaa kwenye hiki kiti changu ukanieleza barabara. Mtu angedhani unaeleza harusi. Ukasema kutoka Homa Bay kwenda Mbita, halafu kuelekea Sindo, vilima vinashuka mpaka karibu vinaingia majini, na barabara inapita hapo katikati, inapanda, inashuka, inapanda tena, na kila ukifika juu unaona ziwa limelala pale chini. Hakuna malori. Hakuna mtu wa kukupigia honi. Unasikia tairi zako zikisaga changarawe, unasikia mbuzi, basi. Ukasema kazi yako itakuwa kutangulia mbele ya wageni na baiskeli zao, kuwaonyesha zile njia tulivu ambazo haziko kwenye ramani. Ukasema wageni wanatoka mbali, na wanalipa, kwa sababu ya kile kimya.

Mimi nikacheka. Wewe ulidhani nimefurahi, ukacheka pia. Nilikuwa nimechefuka. Nilikuwa nawaza, kumbe kuna watu wanalipa ili wapite njia ambazo mimi nilizipita kwa aibu.

Unajua niliuza mitumba. Unajua nilizunguka masoko, hapa Endebess, Kwanza, Suam kule mpakani, na Kitale mjini. Lakini sidhani umewahi kujiuliza kwa nini mama yako, mwenye baiskeli nzima, alifika sokoni wakati wenzake wameshauza nguo nzuri na wanakula mandazi. Ni kwa sababu sikupita barabara kuu. Nilipita njia za panya. Ile inayozunguka nyuma ya mikaratusi ya lile shamba kubwa. Ile inayoteremka mtoni mahali ng'ombe wanakunywa maji. Ile inayokata katikati ya mahindi, ambapo yakishakomaa huoni hata mlima, na mlima ni mkubwa namna ile. Hao wageni wako wangekuja hapa wakati huo, ningewaongoza mpaka Suam wasikutane na mtu hata mmoja wa kuwasalimia.

Nilizijua njia hizo kama mwizi anavyozijua. Hapa kwetu mwanamke kubebwa nyuma kwenye keria, amekaa upande, miguu pamoja, hiyo ilikuwa sawa. Kukaa kwenye kiti mwenyewe, mguu huku na mguu huku, akikanyaga pedali, hiyo ilikuwa habari ya kusemwa mpaka kisimani. Basi nikawa naendesha mahali hakuna macho, na macho yakikaribia nashuka. Chini ya sketi nilivaa suruali ya baba yako, ile ya kahawia aliyojishonea mwenyewe, na kabla ya kila soko nilikuwa na mahali pangu pa kuingia kwenye mahindi niivue. Halafu natoka nimeshika usukani, natembea kando ya baiskeli, robota la nguo nyuma limefungwa kwa blada ya mpira, mke mzuri anayempelekea mume wake mzigo. Hapa Endebess nilishukia pale kwa mashine ya kusaga unga. Kila mara ni hapo. Na mtu akiniuliza, "Mama Nekesa, hii baiskeli yote ni ya nani?" jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni ya mzee."

Sasa nikuambie, na usicheke kwa sauti ukaamsha majirani. Mzee mwenyewe hajui kuendesha baiskeli. Ndiyo, baba yako. Umewahi kumwona akiwa juu yake? Kila mwisho wa mwezi akija kutoka Bungoma aliisukuma Jumapili mpaka kanisani na kuisukuma mpaka nyumbani. Watu wakasema yule fundi cherehani ni mtu wa kujiheshimu, hapendi mbio. Alikuwa anaogopa kuanguka, bana.

Tuliinunua kule kule Bungoma, mwaka ule mahindi yalipotulipa vizuri, wewe ukiwa umeachwa kwa shangazi yako. Duka lilikuwa jirani na msikiti, karibu na pale baba yako anaposhonea, na mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu mpole sana, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Akaigeuza, akazungusha gurudumu, akatutazama wote wawili.

"Ataendesha nani?"

Baba yako akakohoa. "Mimi."

"Haya, jaribu hapo nje kabla hujalipa. Isiwe kesho unarudi unaniambia imepinda."

Nikaona jasho likimtoka. Akasema mguu unamuuma. Akasema ameteguka jana akishuka ngazi, na hapo kwake anaposhona hakuna ngazi. Yule mzee akamwambia pole, akampa maji, na baba yako akatoka pale akichechemea kweli kweli, ameshika usukani, mimi nyuma, mpaka tukapita kona.

Hatukuipandisha juu ya basi. Tulitaka kuokoa nauli, na nafikiri tulitaka kitu kingine pia, tulikuwa bado vijana. Tukashika njia za ndani, tukapitia Chwele, tukapinda kufuata miguu ya mlima kuelekea Kimilili ambako dada yangu ameolewa. Huko ni mabonde matupu, unateremka mtoni, unapanda, hujapumua unateremka mto mwingine. Mimi ndiye niliyeendesha. Nilikuwa nimejifunza kwa kaka zangu nikiwa msichana, nikipitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati. Baba yako alikaa nyuma kwenye keria, mkoba mapajani, mikono kiunoni mwangu, akiniimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Kwenye mpando anashuka mwenyewe bila kuambiwa, anasukuma kwa nyuma. Na kila tukikaribia duka au kanisa ananigusa mgongo.

"Mama, watu."

Mimi nashuka. Yeye anashika usukani, mimi naweka mkoba kichwani, nafuata nyuma kwa adabu. Tunapita, tunasalimia, watu wanatusifu kwa baiskeli mpya, anasema asante. Tukishapotea machoni pao ananitazama. "Panda."

Nilicheka safari nzima. Tulifika kwa dada yangu mbavu zinaniuma. Siku zile nilidhani tunawadanganya wao, na nilijiona mjanja sana. Mpaka leo nikiikumbuka hiyo safari natabasamu kwanza, halafu kinyaa kinakuja nyuma yake. Kwa sababu tulikuwa na mchezo mzuri sana wa kutii, na hakuna aliyetulazimisha kuucheza.

Halafu kulikuwa na kukhu wako. Najua ulimpenda, alikupenda pia, alikufichia maziwa. Ni mama ya baba yako na ameshalala, sisemi vibaya juu yake, nasema tu vile ilikuwa. Yeye ndiye aliyeniambia mwanamke akikalia kile kiti tumbo la uzazi linahama. Alisema hivyo kwenye mkutano wa akina mama kanisani bila kutaja jina, na kila mtu akageuza shingo kunitazama. Basi siku moja asubuhi akaamka amevimba mguu, hawezi kukanyaga chini. Akataka kwenda zahanati. Jirani mwenye gari alikuwa Kitale. Akakaa pale mlangoni akiitazama baiskeli, mimi nikimtazama yeye.

"Si unitoe na hiyo," akasema.

Nikamweka kwenye keria. Akachukua leso akajifunika kichwa chote, uso na kila kitu, akaacha pua tu. Nilipotaka kushika barabara kuu akanifinya mbavuni. "Pita huko nyuma." Alijua njia ya nyuma, Nekesa. Akanielekeza wapi nipinde. Tukafika, yule nesi akamuuliza amekuja na nini na mguu ule. Akajibu, "Nimeletwa na gari ya jirani." Mimi niko hapo hapo, natweta, jasho limelowesha blauzi, nimeshika usukani. Na alipopona akarudi kwenye mkutano wa akina mama, akaendelea na yale yale ya tumbo la uzazi, na wenzake wakaitikia, na mimi nikaitikia.

Kitu kinachonichefua hapo si yeye. Yeye alikuwa mtu wa zamani, aliambiwa na wengine walioambiwa na wengine. Kinachonichefua ni ile sauti yangu ikiitikia.

Baadaye ndipo nikapoteza mimba. Hili tulikuambia kwa kifupi, ulikuwa darasa la tano, tulisema mtoto amerudi kwa Mungu tukaacha hapo. Daktari wa Kitale alisema ni malaria, akaandika malaria, akanionyesha. Wakaja watu kutupa pole. Walikaa pale nje kwenye viti vya kuazima, wakala, wakanywa chai. Mmoja, sitamtaja kwa sababu bado unamsalimia, alifuta mafuta mdomoni akauliza polepole, "Na ile baiskeli, bado mnayo?"

Walitazama vikombe vyao.

Nekesa, niliamini. Daktari alinionyesha karatasi, na mimi nikaamini mtu mwenye mafuta mdomoni. Niliitundika baiskeli ghalani kwa kamba, juu ya magunia, na kila nikiingia kuchota mahindi niligeuza uso nisiione. Biashara ikafa. Tulikula sukuma wiki mpaka ukaanza kuuliza kama kuna mboga nyingine duniani. Mwishowe baba yako akaja nyumbani, akaingia ghalani, akaishusha, akaifuta vumbi, akaipaka mnyororo mafuta mpaka mikono ikawa myeusi. Akaiegemeza pale ukutani nje ya jiko. Akaniambia tu, "Tairi ya mbele nimeijaza." Yule mtu ana makosa yake, lakini siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Nikarudi barabarani, ila sasa nikatafuta njia za mbali zaidi, tulivu zaidi. Nilikuwa nimejificha, sasa nikajizika kabisa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye siku unayoijua. Sijui kama unaikumbuka vile mimi naikumbuka. Hujawahi kuitaja, na ukimya wako juu ya siku hiyo umeniuma kuliko kama ungenitukana.

Ilikuwa siku ya soko hapa Endebess. Nilikuwa nimetandika nguo chini, nimesahau mfuko wa vifungo na sindano nyumbani, nikamtuma mtu akuambie uniletee. Nilidhani utakuja kwa miguu. Nikasikia watu wakisema, "Ona, ona." Nikainua kichwa. Ulikuwa unateremka kutoka kwa mashine ya kusaga, juu ya baiskeli, mguu umepita chini ya chuma, umeinama upande mmoja kama wanavyofanya watoto, mfuko unaning'inia kwenye usukani, nywele zimejaa upepo. Ulipita katikati ya soko zima. Hukugonga kuku, hukugonga mtu. Ukanifungia breki mbele ya nguo zangu.

"Mama, umeniona?"

Nilikupiga kofi. Mbele ya watu wote. Nikakuambia hiyo baiskeli ni ya baba yako, usirudie, shuka, sukuma mpaka nyumbani. Na ukashuka, ukasukuma, hukulia. Ungelia ningepata nafuu.

Hiyo unaijua. Usiyoijua ni iliyofuata. Wale wanawake walinisifu. "Vizuri, Mama Nekesa, mfunze angali mdogo." Nikaenda kununua nyanya, na yule muuza nyanya, ambaye hajawahi kumpa mtu nyongeza hata akizaa mapacha, akaniongezea nyanya juu ya fungu langu. Kubwa, nyekundu, za mbele. Akasema, "Chukua mama, umefanya kazi." Nilizichukua. Nilizipika jioni hiyo, na wewe ulikula, na mimi nikala nikaramba kidole. Mpaka leo nikipita pale kwenye nyanya naangalia upande mwingine. Nililipwa kwa kukupiga, na malipo yenyewe nikayaona matamu.

Hukupanda tena mbele yangu mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Ulikuwa unapanda huko mbali, najua, watu waliniambia. Walikuona njia za nyuma. Nilikuwa nimekupa urithi wangu wote.

Sasa sikiliza, kwa sababu utakuwa mtu wa kuchagua njia tulivu na kuongoza wengine. Mimi na ukimya wa barabara tunajuana sana. Kuna kimya cha mahali watu wako shambani, moshi unatoka jikoni, mtoto anakuchungulia mlangoni. Hicho kipite upendavyo. Na kuna kimya kingine. Ile miaka watu wa upande wa mlima walipokuwa wakikimbia mapigano na magodoro kichwani, nilipita njia yangu moja ya kwenda Suam nikaikuta tulivu kabisa, nikafurahi, nikasema leo hakuna wa kunitazama. Nimeenda mbele ndiyo nikaona milango iko wazi na hakuna mtu, na sufuria iko mekoni na hakuna moto. Kuku walikuwa wakitembea ndani ya nyumba ya mtu. Niligeuza baiskeli, na mara ya kwanza maishani nilitafuta barabara kuu nikitamani mtu yeyote, hata wa kunitukana. Nilikuwa nimezoea kuogopa macho ya watu mpaka nikasahau kuna mahali ni afadhali macho yawepo. Ukifika mahali kimya, tazama majiko kwanza.

Na vilima. Umesema ni vikali, vingine vinakaa kama ukuta, na ziwa chini. Ukishindwa, shuka. Sukuma, tema mate, kunywa maji, panda tena. Wageni wakishuka usiwacheke. Kushuka kwa sababu ya kilima ni mambo ya miguu, hata baba yako alikuwa anashuka na hakuna aliyemhesabia. Lakini kushuka mahali ni tambarare, breki zinashika, upepo uko wa kutosha, nguvu unazo, eti kwa sababu kuna mtu amekaa mbele ya duka anachokoa meno, huko ndiko kunanitapisha. Na mimi kushuka huko ndiyo imekuwa kazi yangu maisha yote.

Ulikuwa umeniuliza asubuhi mbona nimetoka na baiskeli wakati hakuna kitu cha kununua. Nilikuambia naenda kuangalia bei ya mahindi. Nilikudanganya. Kesho mimi na wewe tunaondoka pamoja, wewe kwa ile yako ya gia, mimi kwa hii nyeusi yangu, mpaka Kitale kwenye basi, na njia ya Kitale inapita sokoni. Nilitaka nijaribu leo kwanza, peke yangu, nisije nikakuaibisha. Nikavaa suruali, na juu sikuvaa sketi. Nikatoka langoni nimekaa kwenye kiti. Nikashika barabara kuu. Pikipiki zikanipita, mmoja akanipungia mkono, sikujua nifanye nini na hiyo salamu. Nikasema moyoni, Nafula, leo unapita.

Nikafika pale kwa mashine ya kusaga, na miguu ikashuka.

Sikuiamuru. Nilikuwa bado najiambia endelea, na tayari niko chini, nimeshika usukani, natembea kando. Kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nilisimama hapo nikajitazama. Hakuna aliyekuwa ananikataza. Wanawake wawili walipita juu ya pikipiki, wamekaa mguu huku na mguu huku, wanaongea kwa simu. Nekesa, nilijichukia vibaya sana hapo. Nikaanza kusukuma, nifanye nini, nikasukuma mpaka katikati ya soko, na yule fundi wa baiskeli, Simiyu, akaniita kutoka chini ya mwavuli wake.

"Mama, imeharibika?"

Umeona tulipofika. Siku hizi mtu akikuona unasukuma baiskeli anadhani imeharibika. Hana mawazo mengine. Mimi nikamwambia ndiyo, imeharibika. Ningemwambia nini?

Akaivuta kwake, akaipindua, akazungusha pedali, akavuta mnyororo, akabonyeza tairi zote mbili, akasikiliza breki. Alitafuta ugonjwa wangu kwa bidii, maskini ya Mungu. Halafu akaisimamisha.

"Hii haina kitu, mama. Iko sawa kabisa. Ni ya mzee?"

Na mimi, Nekesa, mama yako, na suruali nimevaa, na kichwa kimeanza kuota mvi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni ya mzee."

"Basi mwambie haina kitu," akasema. "Wewe panda tu."

Alisema hivyo huku ameshageukia tairi ya mtu mwingine. Hakuniangalia kama nitapanda au sitapanda. Haikumhusu. Niliangalia soko lote, nikatafuta yale macho niliyoyakimbia miaka yote hiyo. Muuza nyanya alikuwa anahesabu vitunguu. Yule wa mafuta mdomoni alikuwa amelala juu ya gunia la mtama, mdomo wazi. Ni hawa niliojificha wasinione. Kwa ajili ya hawa nilikupiga. Nikaona kinyaa mpaka nikataka kukaa chini.

Sikupanda. Nisikudanganye mara ya pili siku moja. Nilisukuma mpaka mwisho wa soko, nikageuka, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Lakini kabla ya kuondoka nilinunua kitu kwa Simiyu. Ile baiskeli yako ya gia ni ya kisasa, ina kila kitu, haina kengele. Nimekufungia kengele upande wa kushoto wa usukani. Ni ya kizamani, ya chuma, ina sauti ya kuamsha mtaa. Utaitumia kwa mbuzi wa kule ziwani. Ila kesho nina kazi nayo kwanza.

Nitaiweka hii barua ndani ya kiatu chako, kwa hiyo utaisoma asubuhi kabla hatujatoka. Ukishaisoma usije kunikumbatia jikoni wala kuniambia imepita, tafadhali, nitaharibu uji. Toa baiskeli nje, tuondoke. Baba yako atakungoja kwenye stendi ya Bungoma basi likisimama, amekushonea koti la mvua, jifanye linakutosha.

Mimi nitatangulia, wewe uwe nyuma yangu. Tukikaribia pale kwa mashine ya kusaga, nitazame miguu. Ukiona mguu wangu umeanza kutafuta ardhi, usiniite, usiseme kitu, usinipite. Piga kengele. Piga mpaka soko lote linyanyue kichwa, piga mpaka yule aamke juu ya mtama wake, na usiache kupiga mpaka tumepita nyanya.

Nakusikia unafungua lango.

Nafula, mwenye baiskeli